Kila Jino Bovu Ling'olewe?



Katika madai ya mkataba mpya yanayoandikwa na kamati yetu kuna kifungu kimoja kilichowachekesha baadhi ya wenzetu. Ni kifungu cha meno. Chadai kwamba gharama atakayolipa tajiri isiwe ya kung'oa tu, bali pia ya kuziba jino, kutibu mzizi wake, na kumrudishia mtu jino alilolikosa. Mwenzetu mmoja aliuliza mkutanoni kama chama kimegeuka duka la urembo. Swali lake halikutuudhi. Ndilo atakalotuuliza tajiri siku ya mazungumzo, na afadhali tupate jibu lake sasa, tukiwa sisi kwa sisi.

Basi tuanze na mambo tunayoyaona kila siku. Mfanya kazi wa Ukunda au Msambweni akishikwa na jino hangoji daktari, hungoja mshahara. Siku ya kwanza hutafuna kwa upande wa pili. Siku ya tatu hutia karafuu. Siku ya tano hununua vidonge dukani, viwili viwili, akaenda navyo kazini mfukoni. Wengine husaga aspirini wakaiweka juu ya ufizi, jambo ambalo twaomba liachwe leo hii, kwa kuwa huunguza ufizi na jino halipoi. Karafuu haina kosa. Mafuta yake yamo hata katika dawa wanazotumia madaktari wa meno. Lakini karafuu hunyamazisha, haizibi.

Kisha huja siku ambayo maumivu hukoma yenyewe. Hapo ndipo wengi hudanganyika, na ndiyo sababu twataka kueleza jinsi jino linavyokufa.

Ganda la nje la jino ni gumu kuliko kitu chochote mwilini, gumu kupita mfupa. Vijidudu vilivyomo mdomoni hula sukari tulayo sisi, vikatoa tindikali, na tindikali hiyo huyeyusha ganda kidogo kidogo. Mate huja kulirekebisha, lakini mate yahitaji nafasi. Mtu anywaye chai yake ya sukari akaimaliza, mate yake hupata nafasi ya kufanya kazi. Mwendesha bodaboda anayekunywa soda moja funda kwa funda toka saa nne mpaka saa nane, au mpishi anayeonja kila sufuria ipitayo mbele yake, mate yake hayapati nafasi hata kidogo. Kwa hiyo si wingi wa sukari tu, bali pia ni mara ngapi kwa siku. Kashata na mabuyu ya sukari ni wabaya zaidi kwa sababu huganda jinoni. (Watu wa Ramisi, ambao kiwanda chao kilisaga miwa mpaka kilipofungwa mwaka 1988, wasituone twawatukana. Hatusemi sukari iachwe. Twasema isikae mdomoni kutwa.)

Tundu likiwa bado katika ganda la nje, mtu hasikii kitu. Likifika tabaka la pili, maji baridi humchoma. Likifika kiini, mahali penye mishipa ya damu na ya fahamu, hapo ndipo mtu asipolala usiku. Na kiini kikifa, maumivu huisha. Mtu husema, "Nimepona." Hakupona. Mshipa uliokuwa ukipeleka habari umekufa, na usaha waanza kukusanyika chini ya mzizi. Baada ya wiki chache, au hata miaka, taya huvimba. Uvimbe ukishuka chini ya taya, mate yakawa hayamezeki, mdomo haufunguki, au pumzi ikawa nzito, mpelekeni mwenzenu hospitali usiku huo huo. Msingoje mapambazuko wala ruhusa ya msimamizi. Watu hufa kwa jino.

Nasi hatuko peke yetu katika shida hii. Uchunguzi wa afya ya kinywa uliofanywa nchini Kenya na kutolewa mwaka 2015 ulikuta meno yaliyooza kwa watu wazima 34 hivi katika kila 100, na ufizi unaotoka damu karibu kwa kila mtu mzima aliyetazamwa. Shirika la Afya Duniani nalo lilisema mwaka 2022 kwamba maradhi ya kinywa yamewashika watu wapatao bilioni 3.5 duniani. Ugonjwa wa watu wengi namna hiyo hauwezi kuitwa urembo.

Sasa tazameni. Kila hatua tuliyoitaja ina tiba yake, na kila ya mbele ni ghali kuliko ya nyuma. Tundu dogo huzibwa kwa kikao kimoja. Jino lililofika kiini laweza kuokolewa bado, lakini kwa kusafisha mzizi, kazi ya vikao viwili au vitatu. Likishavunjika chini ya ufizi hakuna la kufanya ila kulitoa. Mfanya kazi wetu, kwa kuwa hungoja mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi huo una karo na kodi ya nyumba, hufika kwa daktari katika hatua ya mwisho. Akifika hatua ya kati, huambiwa bei ya mzizi na bei ya kung'oa, akapima mfuko wake, akasema, "Ng'oa." Ndiyo maana twaona vijana wa miaka 30 wenye mapengo ya wazee. Si ujinga wao. Wamepiga hesabu, na hesabu yao ni sawa kwa siku ile. Hasara yake huja baadaye.

Na hasara yenyewe ni hii. Gego likitoka, majirani zake huanza kuinama kuelekea kwenye pengo, na lile lililokuwa likikutana nalo huota kushuka au kupanda likitafuta mwenzake. Chakula hukwama katika mahali papya, na matundu mapya huanza. Ukipoteza magego ya upande mmoja, upande wa pili hubeba kazi yote. Ukipoteza ya pande zote mbili, basi muhogo wa kuchoma, nyama na samaki mkavu ni vitu vya kutazama tu; hubaki uji na wali bokoboko. Mtu apandaye mnazi au avutaye nyavu hawezi kufanya kazi kwa uji.

Yako mambo mengine ambayo hayapimwi kwa nyama. Pwani yetu ya kusini hula kwa hoteli. Kutoka Tiwi mpaka Galu mtu huajiriwa ili atabasamu: mlangoni, mapokezi, baa, mezani. Hatujaona tangazo la kazi lililoandikwa kwamba wenye mapengo wasije. Halihitajiki kuandikwa. Mhudumu aliyepoteza meno ya mbele hujikuta amehamishiwa kufua mashuka au kuosha vyombo nyuma, na kule nyuma hakuna bakshishi. Basi tajiri anayesema kwamba jino la mbele ni urembo atueleze kwanza kwa nini ameliweka tabasamu hilo katika picha zake za kuvutia wageni. Ikiwa ni chombo cha kazi wakati wa kuchuma, liwe chombo cha kazi wakati wa kutengeneza pia.

Hapa tuseme neno juu ya wenzetu waliotoka Bonde la Ufa. Wengi wana meno ya kahawia, na watu huyadhania mabovu. Rangi ile ilitoka katika maji waliyokunywa utotoni, yenye floraidi nyingi mno. Jino la kahawia laweza kuwa zima kabisa. Asiwepo mtu wa kulicheka, wala wa kushauri ling'olewe.

Turudi kwenye tiba. Wako wanaosema kwamba kuziba meno ni mambo ya Nairobi na Mombasa, maana mashine ya daktari wa meno yataka umeme, maji, na fundi wa kuitengeneza. Hao tunawajibu kwa jambo lililozaliwa jirani. Katikati ya miaka ya 1980 Mholanzi mmoja, Jo Frencken, alikuwa akifundisha udaktari wa meno Dar es Salaam. Alikuta Tanzania shida ile ile iliyoko Kinango na Lunga Lunga, kwamba nje ya miji mashine hazipo, na zilipo zimekufa. Basi akaanzisha njia ya kukwangua sehemu iliyooza kwa vyombo vya mkono tu, bila mashine, na mara nyingi bila hata sindano ya ganzi, kisha kuziba kwa saruji maalum iitwayo glasi ayonoma, ambayo hushikamana na jino yenyewe na hutoa floraidi kidogo kidogo ya kulilinda. Njia hiyo ikajaribiwa Thailand na Zimbabwe, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa dunia nzima. Mwaka 2021 saruji yenyewe ikatiwa katika orodha ya dawa muhimu za Shirika hilo, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi.

Njia hiyo ina mpaka wake. Hufaa sana kwa tundu dogo la upande mmoja. Tundu kubwa lililokula pande mbili za jino, kizibo chake huvunjika upesi zaidi. Lakini tundu dogo ndilo tunalotaka lizibwe kabla halijakua, na kwa kazi hiyo meza, kiti, mwanga wa dirisha na mtu aliyefundishwa vyatosha. Tajiri mwenye zahanati ndani ya shamba au hoteli anaweza kumwita mtu huyo mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo neno la kukosekana mashine tusilikubali.

Kuna vizibo vya namna nyingine. Kile cha rangi ya fedha, walichotiwa wazee wetu wengi, ni kigumu na hudumu, lakini karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Mataifa yaliyo katika Mkataba wa Minamata yalikubaliana mwezi wa Novemba 2025, mjini Geneva, kwamba matumizi yake yakomeshwe ifikapo mwaka 2034. Mwenye nacho asikimbilie kukitoa kama bado ni kizima, maana kukichimba bila sababu humwaga zebaki zaidi kuliko kukiacha. Kile cheupe hugandishwa kwa taa ya buluu. Ni kizuri na ghali zaidi, na chataka jino liwe kavu kabisa wakati wa kuziba. Jino lililotibiwa mzizi, hasa gego, huwa dhaifu kama gamba la yai na hutakiwa kuvikwa kofia. Wengi hulipa mzizi, wakaacha kofia kwa kukosa fedha, na baada ya mwaka jino hupasuka na kazi yote ikapotea. Katika kifungu chetu tumeandika vitu hivi viwili pamoja kwa sababu hiyo. Kimoja bila kingine ni nusu ya nyumba.

Na kwa jino lililokwisha kutoka? Ziko njia tatu. Ya kwanza ni meno ya bandia ya kuvaa na kuvua. Zamani huko Ulaya yalichongwa kwa pembe za ndovu na za kiboko, na pembe nyingi zilitoka pwani hii hii; siku hizi ni ya plastiki. Baada ya kung'oa, ufizi na mfupa huendelea kunywea kwa miezi, kwa hiyo anayetengenezewa mapema ajue kwamba yatalegea na yatahitaji kurekebishwa. Yavuliwe usiku, yakae katika maji, yasuguliwe kwa sabuni na brashi. Yasichemshwe, kwa kuwa hupinda, na yakishapinda hayarudi. Ya pili ni daraja, yaani jino la katikati lililoshikwa na majirani wawili. Ni zuri, lakini majirani hao lazima wachongwe, hata kama ni wazima, na hilo ni jambo la kufikiri mara mbili. Ya tatu ni kupanda mzizi wa chuma ndani ya taya.

Chuma chenyewe ni titaniamu. Msweden aitwaye Brånemark alimtia mtu wa kwanza mwaka 1965, baada ya kugundua kwamba mfupa hukishika chuma hicho kama kwamba ni chake. Jina la titaniamu watu wa Kwale hawahitaji kufundishwa. Toka mwisho wa mwaka 2013 mpaka Desemba 2024 kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wa Maumba na Nguluku, ikautoa humo madini ya ilmenaiti, rutaili na zirkoni, ikayapeleka Likoni kwa malori na kuyapakia melini. Hatudai kwamba mchanga wa Nguluku ndio uliofika katika taya la mtu fulani. Sehemu kubwa ya madini ya titaniamu duniani huishia kuwa unga mweupe wa rangi, na unga huo hutiwa hata katika baadhi ya dawa za meno. Lakini mambo yenyewe ni haya: mizizi ya meno ya tajiri hutengenezwa kwa titaniamu, kofia zake nyeupe za thamani hutengenezwa kwa madini yatokanayo na zirkoni, na wilaya iliyotoa vitu vyote viwili kwa miaka 11 imejaa watu waliong'olewa. Mwanachama akicheka kifungu chetu, alifikiri jambo hilo kidogo.

Hata hivyo kamati haikudai mizizi ya titaniamu kwa kila mtu. Bei yake ingezamisha mkataba mzima, na twajua kudai kinachopatikana. Wala si kila pengo lahitaji kujazwa. Uchunguzi uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mtu aliyepoteza magego ya nyuma, lakini amebakiwa na meno yote ya mbele ya magego na angalau jozi moja ya magego yanayokutana, hutafuna vya kutosha. Waliobakiwa na machache zaidi ya hayo ndio walioshindwa. Basi fedha ziende kwanza kwa anayeshindwa kula na kwa aliyepoteza meno ya mbele, zisiende kwa mwenye pengo moja la nyuma lisilomsumbua. Twasema hivi mapema ili asitokee mtu kulalamika baadaye.

Juu ya ajali, mambo yako wazi zaidi, na hapa hatuombi, twadai haki iliyokwisha andikwa. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007, ile mnayoiita WIBA, yamtaka mwajiri alipe gharama za matibabu ya ajali iliyotokea kazini, nayo yayataja matibabu ya meno pamoja na ya hospitali na ya upasuaji. Mkwezi aliyeanguka, mpishi aliyeteleza jikoni, mlinzi aliyepigwa na wezi usiku, wote wamo. Waache kwenda nyumbani kimya wakificha mdomo kwa mkono. Toa habari siku hiyo hiyo, iandikwe, na meno yatajwe katika barua kwa idadi yake. Tumeona barua zinazosema "aliumia usoni" tu, na baadaye jino likakosa mwenyewe.

Na jino la mtu mzima likitoka zima kwa pigo, msilitupe. Lishikeni kwa upande wa kutafunia, si kwa mzizi. Lisuuzeni kwa maji safi kwa nukta chache bila kulisugua, lirudishwe katika tundu lake, na mwenyewe aume kitambaa alishikilie. Akishindwa, litiwe katika maziwa. Wataalamu wamejaribu maji ya dafu pia, na matokeo yao yakapishana, kwa sababu dafu lina ukali. Maziwa ndiyo ya kutegemewa. Kisha kwa daktari wa meno mara moja, kabla saa moja haijapita. Jino la utoto halirudishwi.

Ugonjwa wa jino ni ugonjwa kama mwingine wote. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo siku zisizopungua saba za kuugua kwa mshahara kamili kila mwaka, na saba nyingine kwa nusu mshahara, akiwa na cheti cha daktari. Msimamizi akisema "jino si ugonjwa", mwulizeni amesoma wapi.

Wako watakaosema kwamba serikali imekwisha weka bima. Ni kweli kwamba toka Oktoba 2024 kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF. Lakini fedha hizo ni za mfanya kazi mtupu. Tajiri haongezi juu yake hata senti moja. Mwanachama atumie haki yake, na kabla ya kuketi kitini aulize hospitalini ni kazi ipi inayolipiwa na ipi ataongeza mwenyewe. Tunachokidai sisi ni sehemu ya tajiri. Bima nyingi za makampuni huweka meno katika fungu dogo la pembeni, na fungu hilo mara nyingi huisha kwa jino moja.

Jambo la mwisho ni la mafundi wa vichochoroni. Mtu asiye na cheti hukubandikia jino la plastiki mahali pa pengo kwa bei ya chini, akaligundisha moja kwa moja kwenye meno ya jirani, na halivuliki. Chini yake hapasafishiki. Ufizi huoza, na meno mawili mazima hufuata lile la kwanza. Daktari wa meno wa halali ameandikishwa na baraza la madaktari, nawe una ruhusa ya kumwomba akuonyeshe karatasi yake. Asiyetaka kuonyesha, ondoka.

Wawakilishi wetu kazini wanaombwa kumletea katibu wa tawi, kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi, nakala za kadi za bima za wanachama na barua zozote ambazo tajiri alikataa kulipia jino. Asiye na barua aandike tarehe na maneno aliyoambiwa. Wa mashambani na wa hotelini wote walete, na wale wanaofanya kazi kwa msimu pia wasijitoe, kwa maana kifungu kimeandikwa nao wakiwemo.